Umemwoza Binti kwa Babu

Kijiweni kwetu, kijiwe cha waendesha pikipiki, jina ulilopewa na wazazi wako unaliacha barabarani. Ukishaegesha, unaitwa kwa aina ya chombo ulichokuja nacho. Yuko Boksa, yuko Dada TVS, yuko Mzee XL, na yuko DT, ambaye aliuza pikipiki yake ya DT akanunua kiwanja huko Ipuli lakini jina likamganda. Siku hizi anakuja kwa baiskeli. Tukimwona anakata kona tunapiga kelele: "DT, leo injini haitoi moshi kabisa, umefanya ovaholi?" Naye anashuka taratibu, anaiegemeza kwenye shina la mwembe, anaifunga kufuli kama mtu mwenye mali, ndipo anatuamkia.

Mimi naitwa Mchina. Chombo changu ni cha huko China, injini ya cc 150, chekundu, nilikinunua mkononi mwa mtu. Nembo yake siitaji, kwa sababu yaliyonipata njiani yalikuwa kosa langu, si la kiwanda.

Tunakutana Jumapili asubuhi hapa Tabora, chai ya rangi na chapati, mihogo ikipatikana. Watu wa Tabora tunapenda kumwambia mgeni kwamba kila mwembe mkubwa ulipandwa na misafara ya pembe za ndovu. Ipo miembe ya namna hiyo kweli. Huu wetu nadhani ni wa mtu aliyetupa kokwa tu. Sheria zetu hazizidi mbili: aliyeanguka wiki hiyo analipa chai, na anayeficha analipa mara mbili. Kuficha kwenyewe ni kazi, maana Fundi anaisoma pikipiki kama daktari anavyosoma picha ya kifua. Anaangalia ncha ya usukani, anaangalia pa kukanyagia, halafu anaangalia kiwiko chako. "Huu mchubuko ni wa lami au wa ukuta?" Basi, agiza chai.

Boksa ndiye pekee kati yetu anayekula kwa pikipiki. Ni dereva bodaboda, yuko kwenye mkataba: kila siku anapeleka hesabu kwa bosi hadi chombo kiwe chake. Mara ya kwanza tulipomwalika kwenda nasi hadi bwawa la Igombe, alituuliza tunakwenda kumchukua nani. Tukamwambia hatumchukui mtu. Tunakwenda kuangalia maji, tunapiga picha mbili, tunarudi. Alikaa kimya, kisha akasema: "Yaani mnachoma mafuta, hamna abiria, na wake zenu wanajua?" Alikuja, lakini njia nzima alikuwa akipunguza mwendo kila anapoona mtu amesimama kando. Mkono ulikuwa umeshazoea.

Boksa ni Muha wa Ujiji na mimi ni Mnyamwezi. Ni watani, na kwa asiyejua: mtani wako ana ruhusa ya kukusema mbele ya wakwe zako, na ukikasirika wewe ndiye mjinga. Utani mwingi wa aina hii ulikolea kwenye njia ya misafara, ambako babu zangu walikuwa wapagazi maarufu, mzigo wa kilo 30 na zaidi begani kutoka bara hadi Bagamoyo. Kwa hiyo salamu ya Boksa kwangu ni moja tu: "Nyie Wanyamwezi mmezoea kubeba. Mtu akiwapa pikipiki, mnatafuta pa kuishika muitie begani." Mimi namjibu kwamba kwao hata treni ikifika inageuza. Kigoma ni mwisho wa reli, na utani huo ni wa zamani kama reli yenyewe, yaani tangu 1914. Hatujawahi kuchoka.

Nimekaa kijiwe hiki miaka saba. Kitu nilichochelewa kukijua ni kwamba kwetu ukweli unakuja na kicheko, na uongo unakuja na uso mkavu. Mtu akikuvuta pembeni, akashusha sauti, akakushika bega, shika mfuko wako.

Mfano wa uso mkavu. Mzee mmoja wa heshima zake, ambaye simuiti hata kwa chombo, aliniambia nitoe chujio la hewa ili injini ivute vizuri. "Mwanangu, hata wewe ukizibwa pua unaweza kukimbia?" Hoja imenyooka. Nikatoa. Na kweli, siku mbili za kwanza niliona kama ina nguvu. Siku ya tatu nilipita mbele ya karakana ya Fundi, naye bila kuinua kichwa akawaambia vijana wake: "Mmesikia? Mchina leo anakula ugali na mchanga." Wakaangua kicheko. Nikarudi nyumbani nikakaa na lile neno. Vumbi la huku kwetu ni mchanga mwembamba. Likiingia kwenye silinda linasaga ringi na kuta zake kama msasa, mwisho injini inakunywa oili na kutoa moshi wa bluu. Nilirudisha chujio jioni ileile, na Fundi hakuniuliza kitu.

Mwingine wa uso mkavu ni muuza duka aliyenihakikishia kwamba oili ya gari ni bora kuliko ya pikipiki kwa sababu gari ni ghali zaidi. Pikipiki zetu nyingi klachi inaogelea kwenye oili ileile ya injini. Oili nyingine za magari zinawekewa dawa za kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Nilipojaza ile ya dukani, nikifungua mafuta injini inalia juu lakini chombo hakiendi. Mwalimu, ambaye anafundisha fizikia na ana pikipiki isiyo na lolote la kutaniwa isipokuwa yeye mwenyewe, akasema: "Klachi yako ni kama mgombea baada ya uchaguzi. Mnamwona, mnamsikia, hamfiki naye popote." Kile kicheko kilikuwa na ushauri mzima ndani yake: badilisha oili, sahani za klachi hazina kosa. Nilibadilisha, ikapona.

Mambo ya breki ndiyo yanayotugawa. Nusu ya madereva wa mji huu wanaiogopa ya mbele kama nyoka. "Itakurusha." Wengine wameilegeza kabisa ibaki kuwa pambo. Mwalimu huchora chini kwa kijiti: ukipunguza mwendo, uzito mwingi unakimbilia mbele, tairi la nyuma linabaki jepesi, kwa hiyo ukikanyaga la nyuma peke yake unaburuza tu. Anayerushwa ni yule anayenyakua ya mbele ghafla, au anayeikamata akiwa amekunja usukani, au akiwa mchangani. Ibane kama unavyokamua embe bivu. Mzee XL, aliyeanza kuendesha kabla wengine hatujazaliwa, huwa anamsikiliza hadi mwisho, anaifuta miwani, halafu anasema: "Shikamoo fizikia. Mimi huwa napunguza mwendo mapema." Kuna siku Mwalimu alikasirika. Lakini ukiliangalia jibu la mzee, halina pa kulivunjia.

Kwenye kofia hatuna utani. Si kwamba tumekubaliana. Dada TVS alituzoesha. Yeye ni muuguzi, na kwa mengine anatutania kuliko wanaume wote wa pale: Boksa alipolalamika abiria wanamkimbia alimwambia aoge. Lakini siku moja kijana mgeni alikuja kofia ameining'iniza mkononi, imefika kwenye kiwiko, tayari kuivaa akiona trafiki. Dada TVS akamwangalia akasema kwa upole: "Kiwiko chako hakitapata shida ya ubongo." Hakuna aliyecheka. Akaendelea kunywa chai yake. Baadaye, kijana alipouliza kwa adabu kama kweli zinasaidia, alimwambia kuna uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, ulitoka 2008, ukaona kofia inapunguza kufa kwa asilimia kama 42 na kuumia kichwa kwa asilimia kama 69. Akaongeza yake ya wodini: isiyofungwa kamba inaruka kabla yako; iliyokwisha kugonga chini kwa nguvu, lile povu gumu la ndani limeshafanya kazi yake na halirudi; na abiria mwanamke anayekataa kofia ya bodaboda mara nyingi hakatai usalama, anakataa jasho la mwenzake aliyeshuka, basi beba vitambaa safi. Boksa alinunua leso kumi wiki ileile. Anasema sasa ana wateja wa kudumu wawili, wote walimu.

Sasa niseme ya safari.

Mdogo wake Boksa alikuwa anaoa, Ujiji, mwezi wa Agosti. Boksa angetangulia kwa treni wiki nzima kabla. Sisi wengine tukapanga kumfuata kwa pikipiki: mimi, Mwalimu na Dada TVS. Ni kama kilomita 400: Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, unavuka mto Malagarasi, Uvinza, halafu unateremka Kigoma. Wakati huo lami ilikuwa bado haijaungana. Kulikuwa na vipande vya vumbi ambavyo watu walivitaja kwa sauti ya msibani.

Wiki mbili kijiwe kizima kikawa chuo cha safari. Kila mtu na lake. Mzee XL: usitembee baada ya jua kuzama, maana ng'ombe hana taa wala baiskeli ya mkaa haina, na lori lililoharibika linawekewa matawi ya mti ambayo utayaona ukiwa juu yake. DT: petroli ya kwenye chupa ichuje kwa kitambaa, na iache itulie kwanza uone kama maji yamekaa chini. Dada TVS: vaa jaketi kwa kuligeuza, zipu mgongoni, kama madereva wa alfajiri, na kifuani weka kadibodi. Nikacheka. Akasema, "Cheka. Upepo wa saa kumi na moja hauna elimu." Kuhusu mchanga Fundi alisema maneno machache: "Mchanga ni kama mkwe. Usimkazie macho, usimfokee, usisimame ghafla mbele yake." Maana yake angalia mbali na si kwenye tairi, mikono ilegee, mafuta yawe sawasawa, kaa nyuma kidogo, usikate mafuta kwa hofu kwa sababu usukani utazama. Hilo nililishika.

Boksa naye, siku ya mwisho kabla hajapanda treni: "Mtani, usivae nguo ya bluu. Mbung'o wa kule porini watakupenda kuliko mkeo." Nikamjibu kwamba mbung'o wa kwao hawajaona mtu aliyeoga. Tukapigana mabega, tukaagana.

Na katikati ya hayo yote Fundi akaigusa cheni yangu.

Niliibadilisha wiki ile, cheni mpya kabisa, inang'aa, niliifunga mwenyewe nyumbani ili niokoe pesa ya ufundi. Nilikuja nayo kijiweni kwa makusudi ionekane. Fundi alichuchumaa, akalizungusha gurudumu la nyuma polepole, akaangalia sproketi, ile sahani ya meno inayoshika cheni, akasimama, akajifuta mikono. Kisha akasema kwa sauti, kila mtu asikie: "Jamani, Mchina amemwoza binti kwa babu!"

Ni lazima uelewe hali ilivyokuwa. Wiki ile tulikuwa hatuzungumzi kingine ila harusi. Mahari, suti ya Boksa, shangazi zake, nani atalala wapi. Mtu akisema binti na babu, unafikiri anatania ndoa. Tulicheka mpaka chai ikamwagika. DT akauliza kama babu ana meno. Fundi akajibu, "Anayo, lakini yamechongoka." Tukacheka tena. Nami nikacheka zaidi ya wote, kwa sababu cheni ilikuwa yangu na nilitaka waone sikuumia.

Angenivuta pembeni akaniambia kwa uso mkavu, ningebadilisha sproketi siku ileile. Lakini hiyo si njia yake, na sasa nadhani angeniona kama namdharau kama angelazimika kunifafanulia.

Nifafanue mimi. Binti ni cheni mpya, babu ni sproketi kuukuu. Watu husema cheni imevutika. Chuma hakijavutika. Kinacholika ni pini ndani ya kila kiungo, kila moja kidogo, na ukijumlisha viungo zaidi ya mia urefu unaongezeka. Nafasi kati ya kiungo na kiungo inapanuka, na meno ya sproketi yanalika kuifuata, yanapinda mbele kama makucha. Cheni kuukuu na sproketi kuukuu zinazeeka pamoja, zinavumiliana. Ukileta cheni mpya, viungo vyake vina nafasi ya kiwandani, havilingani na yale makucha. Badala ya meno mengi kugawana mzigo, meno machache ndiyo yanabeba. Cheni inapanda juu ya meno, inaruka, inagonga, inalika kwa mwezi kiasi ambacho ingelika kwa mwaka. Ndiyo maana vitu hivyo vitatu, cheni, sproketi ya mbele na ya nyuma, vinabadilishwa siku moja. Kipimo cha haraka ni kuishika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa na kuivuta kuelekea kwako: ikiachana na meno hadi unaona mwanga wa kutosha, imekwisha. Mimi sikuvuta. Cheni ilikuwa mpya, nivute nini?

Mwalimu akapewa kusimamia mtihani. Dada TVS akabadilishiwa zamu. Nikabaki peke yangu, na Mzee XL akanishauri nipande treni. Mwalimu akanitia moyo kwa namna yake: Stanley alitoka Tabora Septemba 1871 kumtafuta Livingstone, akatumia karibu miezi miwili kufika Ujiji. "Ukifika chini ya siku 50 umemshinda, na yeye alikuwa na wapagazi." Nikaondoka saa kumi na moja alfajiri, jaketi la bluu. Nililivaa mbele kama mwungwana.

Kufika Urambo nilikuwa nimelala kwa baridi nikiwa macho. Nikasimama pembeni, nikaligeuza jaketi, zipu mgongoni, nikaomba kadibodi kwenye duka la mkate. Mama mwenye duka hakuuliza kitu. Inaelekea si mimi wa kwanza.

Baada ya Kaliua, karibu na Usinge, mbung'o. Msomaji wa mjini anafikiri mbung'o ni nzi tu. Nzi ukikimbia unamwacha. Mbung'o anapenda kitu kinachotembea, anakufuata, anakaa mgongoni, na sindano yake inapita kwenye jaketi. Nilikuwa nachapwa nyuma ya mabega kama mtoto aliyechelewa shule. Na rangi: Mwalimu aliniambia baadaye kwamba mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi kwa sababu rangi hizo ndizo zinazomvuta. Kwa hiyo nilikuwa nimevaa mtego, ila ndani yangu hamkuwa na kamba wala dawa, mlikuwa na damu ya Mnyamwezi. Nilimkumbuka Boksa kwa maneno ambayo hata utani hauyaruhusu.

Wakati huohuo cheni ilikuwa imeanza kusema. Tak. Kimya. Tak, tak. Nilipoisikia nilifikiri imelegea, nikasimama Nguruka, nikala samaki na ugali, nikatoa spana nikaikaza. Hapo nikaongeza kosa juu ya kosa. Cheni inatakiwa icheze katikati ya upande wa chini, sentimita mbili hadi tatu hivi, vidole viwili. Tena uipime kwenye sehemu iliyobana zaidi, maana ukizungusha gurudumu haikazi sawa pande zote, na ukumbuke kwamba ukikaa na mizigo mkono wa gurudumu la nyuma unasogea na cheni inabana zaidi. Mimi niliipima chombo kikiwa kitupu kwenye stendi yake, nikaikaza ikawa kama uzi wa zeze. Kisha nikafunga begi, dumu la mafuta, na lita tano za asali, zawadi ya bwana harusi, nikapanda.

Nilivuka daraja la Malagarasi salama. Mto ulikuwa umetulia, nikapiga picha. Mbele yake vumbi, mchanga, mashimo, na mimi nikijisifu kimoyomoyo kwamba mkwe namwendea vizuri: macho mbali, mikono imelegea. Kwenye shimo moja lililofichwa na vumbi gurudumu la nyuma likaruka, likatua, nikasikia kishindo, injini ikapiga kelele ya bure, chombo kikaanza kutambaa chenyewe hadi kikasimama. Nikageuka. Cheni ilikuwa hatua 20 nyuma yangu, imelala mchangani kama nyoka aliyegongwa. Nina bahati kwamba ilitoka nje. Ingejikunja kwenye gurudumu ningekuwa mteja wa Dada TVS, au ingepasua kasha la injini.

Kiungio cha akiba nilikuwa nacho, nashukuru. Niliunga, na nilikumbuka kile kibanio chake kidogo kikae ule upande uliofungwa ukitangulia mwendo, ili kisichomolewe na kijiti au jiwe. Nikaenda kilomita mbili labda. Ikaruka, ikakatikia mahali pengine. Kiungio cha pili sikuwa nacho.

Nikaanza kusukuma. Kilo mia na kitu, mchanga, saa nane mchana. Wakapita wazee wawili kwa baiskeli, kila mmoja na magunia ya mkaa marefu kuliko yeye. Nikawaamkia. Mmoja akaniambia, "Kijana, tukuvute kwa kamba?" Alikuwa anasema kweli kabisa. Niliangalia baiskeli yake, nikaangalia yangu yenye injini, nikamwambia asante mzee, nitajikongoja. Akasema, "Haya, ukichoka tuko mbele."

Saa kumi na moja likaja lori tupu linalokwenda Uvinza kuchukua chumvi. Utingo akashuka, akanipima kwa macho. Tukapatana elfu kumi. Akaniuliza kama nimefunga koki ya mafuta kabla ya kuilaza, nikaona huyu anajua kazi. Tukailaza juu ya maturubai, nami pembeni yake nimekumbatia asali.

Uvinza chumvi inatoka ardhini. Kuna chemchemi za maji ya chumvi ambayo watu wameyachemsha tangu enzi za mababu, kabla Mjerumani hajafika, kabla ya misafara yenyewe. Nililala gesti, mgongo umevimba kwa mbung'o, na asubuhi dereva wa lori jingine, lililojaa sasa, akakubali kunipandisha juu ya magunia. Ndivyo nilivyoingia Kigoma: Kazuramimba, Kidahwe, michikichi pande zote, halafu lile ziwa linatokea ghafla chini yako mpaka unasahau unachotaka kulalamikia. Mimi na Mchina wangu tumelala juu ya chumvi kama migebuka.

Nilikuwa nimempigia Boksa simu usiku, na hilo nalo lilikuwa kosa. Lori liliposimama alikuwa pale, ndani ya suti ya harusi ingawa harusi ilikuwa kesho yake, na nyuma yake watoto kama 20 aliowakusanya kwa makusudi.

"Mwakeye, mtani!"

Nikamjibu kwa adabu, mgeni hana makuu. Akanyamaza mpaka utingo na vijana wawili walipoibeba pikipiki kutoka juu, wakaiweka mabegani, wakaanza kushuka nayo. Akangoja hadi imefika usawa wa vichwa vyao.

"Mnyamwezi amefika na mzigo!" akapaza sauti. "Pembe ziko wapi?"

Watoto hawakujua habari za misafara, lakini walicheka kwa sababu yeye alicheka, na utingo akacheka, na mama mmoja aliyekuwa anauza dagaa akaja kuangalia. Simu yangu ikalia, ujumbe wa Mwalimu: "Stanley miezi miwili, wewe siku mbili. Hongera." Wa Dada TVS ulikuwa chini yake: "Kofia ulifunga kamba?" Nilikuwa nimefunga. Nilikuwa bado nimeivaa, juu ya magunia ya chumvi, tangu Uvinza.

Tuliisukuma hadi kwa fundi mmoja wa Ujiji, mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi. Hajawahi kufika Tabora na hamjui Fundi wetu hata kwa sura. Nilimwonyesha vipande vya cheni, bado vinang'aa. Hakuviangalia. Alichuchumaa kwenye sproketi, akapitisha kidole gumba juu ya meno, akatikisa kichwa.

"Nani alimwoza huyu binti kwa babu?"

Boksa alikaa chini, suti na yote.

Mimi nilimwuliza mzee sproketi mbili na cheni ni shilingi ngapi. Akanitajia. Nikashtuka, nikamgeukia mtani wangu anisaidie kupunguziwa, kwa kuwa ni mwenyeji.

"Hiyo si bei, mtani," akasema, anafuta machozi kwa leso ya abiria. "Hiyo ni mahari."